Kontua Hulala, Mashamba Husimama

Vitabu vya jiografia vya shule huziweka kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya katika fungu la nyanda za juu, na jina hilo humtatiza msafiri anayefika huko kwa mara ya kwanza. Uwanda ni mahali ambapo mpira ukiwekwa chini hutulia. Kisii mjini, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mpira hautulii. Uwanja wa shule huchongwa ubavuni mwa kilima: upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili ukingo ambao mpira ukiuvuka, mtoto hutumwa bondeni kuufuata. Matatu ya kwenda Keroka haimalizi kupanda kabla haijaanza kushuka. Sasa huo uwanda uko wapi? Mguu hauwezi kujibu, na jicho hukwama kwenye kilima cha kwanza. Anayejibu ni ramani ya topografia ya skeli ya 1:50,000. Itandaze mezani, yaache mabonde kwanza, usome vimo vya vilele na migongo peke yake, mmoja baada ya mwingine. Utaona havipishani kama miguu inavyolalamika. Migongo hiyo ni mabaki ya uwanda mmoja wa kale uliochimbwa na kukatwakatwa na mito inayokimbilia Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko kwenye mita 1,134 hivi. Uwanda upo kweli, ila sehemu yake kubwa imekwisha kuchukuliwa na maji, na kilichobaki ni migongo ambayo watu wameijengea barabara, shule na makanisa.

Nimeanza na hilo kwa sababu linaonyesha kile ramani inaweza kufanya na macho hayawezi. Lakini hoja yangu ni nyingine, na inaikosoa ramani hiyohiyo. Kila mtahiniwa wa jiografia katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya huwekewa mbele kipande cha ramani ya 1:50,000, aambiwe aeleze sura ya nchi, apime umbali wa barabara, ataje namna makazi yalivyotawanyika. Hufunzwa kusoma kontua, ile mistari ya kahawia inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na hufunzwa vizuri. Asichofunzwa ni kwamba Kisii na Nyamira kontua ni nusu ya maandishi tu. Nusu ya pili haikuchapishwa, nayo ni mipaka ya mashamba. Kontua hulala, zikiuzunguka mteremko kama pete. Mashamba husimama: yanaanzia juu mgongoni na kushuka moja kwa moja hadi mtoni. Mistari hii miwili hukatana karibu kwa pembe mraba, na nadai kwamba karibu kila jambo linalomshangaza msafiri katika nchi hii, kuanzia barabara zake hadi kesi zake za ardhi, linatokea pale inapokatana.

Fuata shamba moja kutoka juu. Mgongoni kuna barabara, kwa kuwa mgongo ndio mahali pekee ambapo gari linaweza kwenda kilomita kadhaa bila kuvuka mto. Pembeni mwa barabara kuna duka, kinu cha kusaga, kituo cha kupimia majani ya chai. Chini kidogo nyumba, na nyuma yake migomba. Halafu chai au mahindi, pengine kahawa upande wa chini wenye joto, halafu nyasi za ng'ombe anayelishwa zizini. Chini kabisa, mahali ambapo zamani palikuwa na majani ya kinamasi, leo kuna mikaratusi na tanuri la matofali, kisha maji. Mpangilio huu una mantiki ya haki. Mteremko mmoja una aina nne au tano za ardhi, na baba mwenye wana wanne akiukata kwa mlalo, mmoja atapata barabara na mwingine atapata tope. Akiukata kwa wima, kila mwana anapata kidogo cha kila kitu: barabara yake, mahindi yake, maji yake. Ni ramani ya usawa, nayo imechorwa bila karatasi.

Hesabu ndiyo inayoharibu haki hiyo. Chukua hekta moja yenye urefu wa mita 400 kutoka mgongoni hadi mtoni na upana wa mita 25. Kwenye ramani ya 1:50,000 hiyo ni milimita 8 kwa nusu milimita. Wagawie wana wanne kwa wima, kila mmoja abaki na upana wa mita 6 na robo. Kwenye karatasi ni kama sehemu ya nane ya milimita, nyembamba kuliko alama ya barabara iliyochorwa hapo juu yake. Wajukuu nao wakiwa wanne kwa kila nyumba, upana unakuwa mita moja na nusu hivi, na hakuna mtu anayeweza kulima ushoroba wa namna hiyo, sembuse kujenga. Hapo ndipo familia hulazimika kukata kwa mlalo, na ule usawa wa zamani unavunjika: wa juu wanapoteza maji, wa chini wanapoteza barabara, na kijia cha kupitia shambani kwa ndugu kinakuwa chanzo cha maneno. Sensa ya 2019 ilipata watu 957 kwa kila kilomita mraba katika Kaunti ya Kisii na 675 Nyamira. Miraba ya ramani hii ni ya kilomita moja kwa moja, yaani sentimita mbili kwa mbili, ukubwa wa stempu. Weka kidole kwenye mraba wowote wa Kisii na umefunika, kwa wastani, watu karibu elfu moja. Sijui njia bora ya kufundisha maana ya msongamano wa watu kuliko kidole hicho.

Turudi kwenye kontua, maana ndizo zinazosema gharama ya kuukata mteremko kwa wima. Pale zinapopishana kwa mita 20 za kimo, mwanya wa milimita 2 kwenye karatasi ni mita 100 ardhini, na mteremko wake ni asilimia 20. Mwanya wa milimita moja ni asilimia 40. Kanuni za matumizi ya ardhi zilizotungwa chini ya Sheria ya Kilimo ya Kenya, ambayo imekwisha kufutwa, zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, na kwa ule wa kati ya 12 na 35 zikadai udongo ulindwe. Maana yake, mtu mwenye rula na ramani angeweza kupaka rangi nyekundu kila mahali ambapo kontua zimekaribiana kuliko milimita moja na kidogo, akasema hapa jembe ni kosa. Afanye hivyo karibu na Manga, ambako mwamba mgumu wa kwatsaiti umesimama kama ukuta na kontua zimebanana hadi zinakaribia kuwa mstari mmoja mnene, kisha aende akatazame. Atakuta mahindi na migomba imepanda hadi mwamba ulipowakatalia watu. Kanuni ilichukulia kwamba mkulima ana mahali pengine pa kwenda. Mkulima ambaye shamba lake ni ushoroba wa wima hana: sehemu yake kali na sehemu yake tulivu ziko kwenye hatimiliki moja, na akiacha ile kali amejipunguzia urithi.

Jambo lenyewe ni baya zaidi kuliko hilo. Mbinu zote za kuhifadhi udongo, kuanzia matuta ya fanya juu hadi mistari ya nyasi na kulima kwa kufuata kontua, huenda kwa mlalo. Ili tuta moja lifanye kazi katika mteremko uliokatwa mashamba kumi ya wima, majirani kumi lazima walichimbe kwa kimo kilekile, na mmoja akikataa, maji hupata mlango kwake na kushuka kwa nguvu ya mashamba yote kumi. Mipaka yenyewe, iwe ni kijia au mfereji, imeelekezwa mtoni kama michirizi. Wanaowalaumu wakulima kwa uvivu wa kuchimba matuta, nadhani, hawajawahi kuziweka ramani mbili pamoja, ya kontua na ya mashamba, wakaona kwamba kinachodaiwa ni mkataba wa ukoo mzima, wala si jembe la mtu mmoja.

Na ukoo umo kwenye ramani kwa anayejua kusoma majina. Mwaka 1949 mwanaanthropolojia Philip Mayer alitoa andiko kuhusu namna jamii ya Abagusii, wenyeji wa nchi hii, ilivyojengwa juu ya nasaba, ukoo ndani ya ukoo. Silabi ya Bo- mwanzoni mwa majina mengi ni alama ya hilo, maana hulifanya jina la watu kuwa jina la nchi: Bobasi ni kwao Ababasi, Bonchari ni kwao Abanchari. Majina mengine husema ardhi yenyewe. Anayejua kwamba amache ni maji na amagena ni mawe atayasikia ndani ya Nyamache na Magena kabla hajatazama rangi ya buluu. Jozi ninayoipenda kuliko zote ni Masaba na Chache. Kuna Nyaribari Masaba na Nyaribari Chache, Kitutu Masaba na Kitutu Chache, nayo ni majina yanayotumika katika maeneo ya ubunge, ambayo wengi huyatamka kila uchaguzi bila kufikiri. Masaba iko upande wa juu, kwenye baridi ya Keroka na Kiamokama. Chache iko upande wa chini, kuelekea Kisii mjini. Ni kontua iliyogeuzwa kuwa jina. Wazee walioipa nchi majina hayo hawakuhitaji kipimahewa kujua kwamba ukoo mmoja unakaa katika tabia mbili za nchi, na chai ilipokuja ikaufuata mstari huohuo, ikishika upande wa juu na kuuachia wa chini kahawa.

Hapa msomaji mkali atanisimamisha. Atasema ramani hizi ni mali ya mkoloni. Picha za angani zilipigwa na ndege za jeshi la Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, michoro ikafanywa na idara iliyoundwa Uingereza mwaka 1946 kwa ajili ya kupima makoloni, na lengo lilikuwa kutawala. Nakubali yote, na naongeza ushahidi: masikio yao yalikuwa mabovu. Getutu iliandikwa Kitutu, Abanchari wakawa Wanjare, Machoge ikawa Majoge. Makosa hayo hayakubaki kwenye ramani tu. Yaliingia kwenye sajili ya ardhi, na mpaka leo hatimiliki huko huandikwa kwa mtindo wa Wanjare/Bogiakumu au West Kitutu/Bogeka, ikifuatwa na namba: nusu ya kwanza ni jina alilolisikia mgeni, nusu ya pili ni jina ambalo wenyewe wangelitambua usingizini. Lakini hebu tufikirie hoja hiyo inatupeleka wapi. Kontua haina lafudhi. Kilima cha Sameta kina mita zake 1,970 bila kujali nani alishika kalamu. Kilichokuwa cha kikoloni ni chaguo la nini kichorwe na nini kiachwe, na jawabu la chaguo hilo ni kujaza kilichoachwa. Anayeitupa ramani kwa sababu ya mchoraji amemwachia mchoraji huyo neno la mwisho.

Pingamizi la pili ni jepesi zaidi lakini husikika mara nyingi: nani anahitaji karatasi, na simu inaonyesha kila bati la nyumba kutoka angani? Picha ya setilaiti ya Kisii ni nzuri sana kwa kuhesabu mabati, na kusema kweli huonyesha ushoroba wa mashamba kuliko ramani yoyote iliyochapishwa. Vipande vyembamba vya kijani vimepangwa kama meno ya kitana. Kasoro yake ni kwamba hulaza kila kitu. Ikitazamwa kutoka juu kabisa, genge la Manga na kinamasi cha bondeni ni vivuli viwili vya kijani. Watu huuliza kuhusu vimo vilivyopimwa kwa rada. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 na kupima sura ya nchi karibu dunia nzima, na data hiyo sasa ni ya bure. Lakini kila nukta yake ni mraba wa mita 30 hivi, yaani pana kuliko shamba zima la mita 25 tulilogawa pale juu, na mawimbi yake mara nyingi yaligota kwenye majani kabla ya kufika chini. Katika nchi ya migomba na mikaratusi, hilo si jambo dogo. Sisemi karatasi ishinde simu. Nasema simu inakuonyesha wima, karatasi inakuonyesha mlalo, na mwenye kimoja tu anasoma nusu.

Lipo la tatu, na hilo ndilo zito: kwamba wenyeji wana ramani zao tayari, zile za sajili zinazoonyesha kila kipande na namba yake, na hawana haja na kontua. Ni kweli ramani hizo zipo, na ndizo zinazotajwa mahakamani. Lakini zilivyotengenezwa katika maeneo mengi ya Kenya ni hivi: picha ya angani ilikuzwa, watu wakaonyesha mipaka ya ua juu yake, mistari ikachorwa. Picha iliyokuzwa bila kusahihishwa haitendi haki kwenye mteremko. Ubavu unaoitazama kamera hutanuka, ubavu unaoipa kisogo hunywea, na kilele hukua kuliko bonde kwa kuwa kiko karibu na lenzi. Nchi tambarare husamehe dosari hiyo. Kisii haisamehe. Sheria yenyewe inajua: iwe ile ya 1963 ya ardhi iliyosajiliwa au ya 2012 iliyoirithi, zote zinasema ramani ya sajili huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, mpaka halisi ukipimwa kwa namna nyingine. Ndugu wawili wanaogombana juu ya hatua tatu za ardhi wanapolishika kaburasha la sajili kama msahafu, wanashika karatasi iliyokanusha ushuhuda wake yenyewe. Kontua zingewaambia angalau ni upande gani wa kilima mchoro huo unaweza kuwa umedanganya.

Mahali pa kulijaribu hilo lote ni barabara ya kutoka Kisii kwenda mashariki. Pita Keumbu, ukipanda kwenye mgongo wenye mashamba yanayoning'inia pande zote mbili. Fika Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti umeupasua, upande huu Kisii na upande ule Nyamira, na ambao kaunti hizo mbili zimeugombea kwa miaka. Mtu anayesoma ramani hashangai. Mji uliokua mgongoni hauwezi kugawanywa na mstari bila mtu kupoteza soko; mto ungegawanya vizuri zaidi, kwa sababu hakuna aliyejenga duka mtoni. Hata mto mkuu wa nchi hii una majina mawili. Huanzia vilima vya Kiabonyoru kule Nyamira, hupita Ogembo ukiitwa Gucha, na ukishuka kwa Wajaluo huko Migori unaitwa Kuja. Maji hayaonyeshi dalili ya kuutambua mpaka huo.

Ukizidi kwenda mashariki kuelekea Nyansiongo, unaingia Borabu, na hapo tazama karatasi kabla ya kutazama dirishani. Kontua hazikubadilika; kama kuna mabadiliko, zimelegea kidogo. Lakini juu yake barabara zimenyooka kwa rula, na nukta nyeusi za nyumba, zilizokuwa zimemwagika kama mtama, zinapungua na kujipanga. Hii ilikuwa ardhi ya walowezi wa upande wa Sotik. Baada ya 1962 ilinunuliwa na kugawiwa wakulima wa Kiafrika katika mpango wa ekari milioni moja, na mpimaji ndiye aliyekata vipande, si baba wa familia. Ni mvua ileile, udongo unaofanana, watu walewale waliohama kutoka migongo ya magharibi. Kilichobadilika ni aliyeshika mstari na mwelekeo alioupa. Kama mtu angali na shaka kwamba sura ya nchi hii imeandikwa na urithi kwa kiasi kilekile ilichoandikwa na miamba, apige picha mraba mmoja wa upande wa Keroka na mmoja wa Borabu, aziweke sambamba.

Sasa wakulima wa kwanza waliogawiwa Borabu wamezeeka au wamekwisha kuzikwa, na vipande vile vikubwa vimeanza kugawiwa wana na wajukuu. Shamba la mstatili lenye barabara upande mmoja na kijito upande wa pili linakatwa vipi kwa wana wanne? Kila mmoja anataka barabara, kila mmoja anataka maji. Mzee hutembea na fito kutoka lango la juu, akishuka.